Mikorosho Elfu Nne ya Gongo la Mboto

Jumatatu moja ya Agosti 1975, Demetria alishuka basi Gongo la Mboto akiwa na jalada, kamba ya kupimia na viatu visivyofaa shamba. Ofisi yake ilikuwa imemtuma kukagua hesabu za Jumuiya ya Marafiki wa Miti, yenye makao Chang'ombe. Kwa miaka miwili wafanyakazi wa viwandani walikatwa shilingi mbili kila mwezi ili Jumuiya ioteshe mikorosho elfu nne kwenye mteremko uliokuwa unaliwa na mvua. Wenye mashamba walitoa ardhi bure.

Bi Mauwa, mjane kutoka Newala, alikuwa ametoa ekari zake tatu. Demetria alimkuta duka la ushirika, kwenye foleni ya unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada.

“Shikamoo, mama. Nimekuja kuona miti.”

“Marahaba. Twende, ila miti hutaiona.”

Alimwachia jirani nafasi yake, wakaenda.

Shambani kulikuwa na vivuli vya mikorosho. Mikorosho yenyewe haikuwapo. Vivuli vililala kwa mistari iliyonyooka, vikatikisika upepo ulipovuma. Demetria aliingia katikati ya kimoja na kuinua mkono. Mkono haukugusa kitu. Jua nalo halikumgusa. Akaandika hivyo.

“Vilikuja lini?”

“Kesho yake baada ya mkutano mkuu wa mwaka juzi. Mweka hazina wao, yule Theonest, alitusomea ripoti kwamba miti yote imeoteshwa. Asubuhi tukaamka navyo. Mwaka jana akasoma kwamba imefikia urefu wa nyumba, navyo vikarefuka.”

“Una hakika ni mikorosho?”

“Mie nimezaliwa chini ya mkorosho, mwanangu. Kivuli chake nakijua. Ila hivi korosho haviangushi, kuni havitoi, na mvua ikinyesha udongo unakwenda vilevile.”

Bi Mauwa aling'oa shina la muhogo. Mizizi yake ilikuwa myembamba kama vidole vya mtoto.

“Muhogo unataka jua,” alisema. “Walituambia tutoe ardhi, watatupa miti na kazi ya kumwagilia. Ardhi tumetoa. Sasa na jua wamechukua.”

Demetria alihesabu kwa siku tatu. Vivuli vilikuwa elfu nne, hakikuzidi wala kupungua kimoja. Siku ya nne alikaa Chang'ombe na mafaili. Risiti za miche zilikuwa na mhuri wa bucha. Vibarua arobaini wa kumwagilia walikuwa wametia sahihi kwa mwandiko mmoja. Nje ya dirisha, dereva wa Theonest alikuwa anaosha Pijo mpya.

Ijumaa, kamati ilikutana. Mwenyekiti, Ndugu Ansbert, alikuwa mpole.

“Ndugu Mkaguzi, ulifika shambani?”

“Nilifika. Siku tatu.”

“Ulikaa juani siku zote hizo?”

“Hapana. Nilikaa kivulini.”

“Kivuli cha nini?”

“Cha mikorosho. Lakini mikorosho haipo.”

Katibu aliandika mpaka neno mikorosho, akainua kalamu.

“Ulihesabu vingapi?” aliuliza Theonest.

“Vivuli elfu nne. Na risiti za miche ni za muuza nyama.”

“Elfu nne,” Theonest alimwambia katibu. “Andika.”

“Ndugu Mwenyekiti, watu wanakula unga wa foleni kwa sababu yenu!” Demetria alisema, na sauti yake ikafika mpaka kwa dereva.

Ansbert alimshukuru kwa uchungu alio nao kwa wananchi. Chai ililetwa, na maandazi.

Ripoti ya Demetria ilikuwa na kurasa kumi na moja. Mkuu wake aliisoma yote, akafunga mlango, akamwambia kuwa mkaguzi hupima kilichopo, na kilichopo ni vivuli, na vimetimia. Ilichapwa upya kwa kurasa mbili. Demetria alikataa kuitia sahihi. Mwenzake wa meza ya pili aliitia. Mwezi uliofuata Demetria alipewa barua ya uhamisho kwenda Nachingwea.

Kabla ya kusafiri alikwenda Gongo la Mboto kwa nauli yake. Ubao mpya ulikuwa umesimikwa kwenye mteremko: ni marufuku kulima ndani ya msitu wa Jumuiya. Mlinzi alikuwa ameajiriwa.

“Wewe uliandika nini?” Bi Mauwa aliuliza.

“Kwamba hakuna mti hata mmoja.”

“Na wao?”

“Wameandika upya, mama. Nisamehe.”

Bi Mauwa alichukua jembe, akaenda kwenye kivuli kilichokuwa karibu na mlango wake, akakipiga. Alipiga hadi kanga ikamdondoka kichwani. Shimo likafika magotini. Kivuli kiliingia ndani ya shimo, kikalala humo. Mlinzi alikuja akamwandikia faini ya shilingi ishirini kwa kuharibu mizizi. Aliilipa kwa kuuza kitanda, kisha akahamia Ukonga kwa mdogo wake, ambako waliishi watu tisa katika vyumba viwili.

Kwenye mkutano mkuu wa mwaka ule Theonest alisoma ripoti kwa dakika arobaini. Jumuiya ilikuwa imepata ufadhili mpya, na mikorosho mingine elfu nane ilikuwa imeshaoteshwa upande wa Majohe. Wajumbe walipiga makofi.

Kesho yake, saa tano asubuhi, mbingu zikiwa hazina wingu, wanawake wa Majohe waliona baridi mabegani, wakaanza kuanua nguo.