Mstari wa Chaki Sakafuni

Tajiri aliyeinunua nyumba tuliyokuwa tumepanga hakutuandikia barua. Alimtuma fundi wake aje aondoe mlango wa choo, ili tuelewe wenyewe. Fundi alifungua bawaba moja baada ya nyingine huku akipiga mluzi, akajitwika mlango kichwani, akasema, "Jumamosi tunang'oa mabati, mkiwemo msiwemo." Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Mimi ni mjane, napiga pasi kwa dobi mmoja karibu na soko. Naishi na mama mkwe wangu. Macho yake yamebakiwa na mwanga kidogo tu, anatembea kwa kupapasa ukuta, na chini ya shuka lake natandika nailoni. Marehemu mume wangu hakuniachia shamba wala kiwanja, aliniachia mama yake. Sikunung'unika. Niliweka ahadi mbele ya Mungu kwamba nitamtunza, na tangu siku hiyo sijawahi kulala bila kumwosha kwanza.

Jumatano dalali alituzungusha vyumba vinne. Nilimleta mama mkwe makusudi, nikidhani watu wakimwona wataingiwa na huruma. Mwenye nyumba wa kwanza alimzunguka kama mtu anayekagua gari kuukuu.

"Huyu ana miaka mingapi?"

"Themanini na miwili."

"Basi amekaribia. Akafie kwingine."

Alisema hayo akitabasamu. Mama mkwe, ambaye masikio yake ni mazima kuliko yangu, akamjibu, "Asante, mwanangu."

Kwenye vyumba vitatu vilivyofuata majibu yalikuwa hayo hayo, ila bila tabasamu. Njiani dalali alivua kofia akajipepea. "Mama, nikwambie ukweli? Kizee hakipangishiki. Ungekuwa na mbuzi ningekupatia chumba leo leo." Akacheka. Mama mkwe naye akacheka kidogo, kwa adabu.

Jioni nilimpigia simu shemeji, mdogo wake marehemu.

"Shemeji, wallahi ningemchukua mama hata sasa hivi," akasema. "Lakini si unaijua nyumba yangu? Ina ngazi."

Nazijua ngazi zake. Ni tatu.

Alhamisi nikamfungia mama mkwe ndani na uji wake, nikaenda peke yangu. Dalali alinipeleka kwenye nyumba ya vyumba tisa vilivyozunguka ua, bomba katikati. Mwenye nyumba walimwita Mama Funguo, kwa sababu ya tita la funguo alilofunga kiunoni. Akitembea unamsikia kabla hujamwona.

"Mko wangapi?" akaniuliza.

"Mimi ni mjane, mama. Mume wangu amefariki huu mwaka wa sita."

"Pole. Kwa hiyo uko peke yako."

Sikusema kitu. Nilipokuwa darasa la tatu mwalimu wetu wa dini alitufundisha kwamba uongo ni neno linalotoka mdomoni. Langu halikutoka.

Akafungua chumba namba tano. Kilikuwa chini, hakina ngazi hata moja, na choo kilikuwa hatua kumi, nilizihesabu. Ukutani masizi ya jiko la mpangaji aliyehama yalikuwa yamepanda hadi darini. Ndani tulimkuta mwanamke mwingine, fundi cherehani, bado msichana, futi ya kupimia imening'inia shingoni.

"Na huyu naye anakitaka," Mama Funguo akasema. Akatoa kipande cha chaki, akainama kwa shida, akachora mstari sakafuni toka mlangoni hadi ukuta wa nyuma. "Wewe huku, wewe kule. Sakafu, ukuta, dirisha, atakayeng'arisha zaidi ndiye anayekipata. Kioo cha kushoto chako, cha kulia chake. Maneno matamu nimeyasikia miaka ishirini, mimi naangalia mikono. Na niwaambie kabisa, sitaki mgonjwa. Mgonjwa akinifia humu, chumba kinakaa mwaka mzima watu wanakiogopa."

Dalali alinisogelea mlangoni. "Ndivyo anavyofanya kila chumba kikiwa wazi," akaninong'oneza. "Huyu mama hajanunua sabuni tangu ajenge."

Tukapiga magoti. Nilisugua kama ninayesugua dhambi zangu mwenyewe. Maji ya ndoo ya kwanza yalitoka meusi, ya pili meusi, ya tatu kahawia. Upande wangu mtu alikuwa amezoea kuwasha mishumaa, nta imegandia kwenye saruji, kucha zangu zikakatika. Yule fundi aliniona. Akauvuka mstari akanipa wembe wake.

"Kwarua na huu, mama. Kwako kuna nta nyingi, amekuonea."

"Na wewe utatumia nini?"

"Nina sindano kubwa ya magunia." Kumbe alikuwa anachokonoa kila ufa wa sakafu kwa sindano, kama mtu anayefumua pindo.

Tukaanza kuzungumza. Nilimuuliza kama ana mtoto, akasema anaye mmoja, wa kike, wa miaka sita. Nikamuuliza yuko wapi. Akatazama mlangoni kwanza.

"Nimemwacha kwa jirani. Mama yangu, wewe ni mtu wa Mungu, nakuona unavyosali midomo ikicheza. Nikwambie? Mtoto ana kifafa. Akianguka, wapangaji wote wanatoka nje, wanafunga milango kama ameingia kichaa. Vyumba vitatu tumefukuzwa mwaka huu. Hapa nitamfungia awe anacheza ndani tu, mpaka watuzoee."

"Mungu atamponya," nikasema.

"Amina. Na wewe, mama, uko na nani?"

"Kusanya maji yako hayo," nikamwambia, "yanavuka mstari."

Adhuhuri Mama Funguo alirudi na kigoda, akakaa mlangoni akila karanga. Maganda aliyatupa ndani, mengine kwangu, mengine kwa mwenzangu, na kila tulipoyafagia akatupa mengine. Alipomaliza akapitisha kidole chake ukutani, juu ya fremu ya dirisha, kwenye pembe. Akavua kandambili akatembea pekupeku upande wangu, kisha upande wa yule fundi. Akasimama hapo muda mrefu.

"Wewe mama umefagia na kudeki," akaniambia. "Huyu ameosha. Fundi, lete mizigo yako Jumamosi."

Yule binti alijifunika uso kwa mikono yenye povu. Kisha akanishika bega. "Pole, mama yangu. Na wewe Mungu atakufungulia." Akatoka kwenda bombani kunawa.

Nilisikia bomba likifunguliwa. Akilini nikamwona mama mkwe ndani ya chumba kisicho na mabati, ameshika ukuta, anauliza kama mvua imeanza. Nilikuwa na muda wa mtu kunawa mikono, basi.

"Mama mwenye nyumba," nikasema, "muulize mtoto wake ana nini."

Sikuongeza neno. Hata jina la ugonjwa sikulitaja.

Binti aliporudi anajipangusia gauni, Mama Funguo akamuuliza. Hakumtazama Mama Funguo. Alinitazama mimi.

"Ana miaka sita," akajibu.

"Sijauliza miaka. Nimeuliza ana nini."

"Huwa anaanguka, mama. Lakini si kila siku, wallahi, mara moja kwa—"

"Toka." Funguo zikalia. "Ungeniletea balaa na uso wako mzuri huo. Toka!"

Hakupiga kelele wala hakunitukana. Nilingoja anitukane, ingekuwa afadhali. Alivaa viatu, akafunga futi yake vizuri, akanyoosha mkono.

"Naomba wembe wangu."

Nilikuwa nimeufunga kwenye pindo la kanga. Nilihangaika na fundo lile, naye amesimama tu ananingoja.

Jumamosi wakati mafundi wanapanda juu ya paa, nilikuwa nimekwisha pakia mkokoteni kuhamia namba tano. Mama mkwe nilimkalisha juu ya godoro. Tulipofika, Mama Funguo alikuwa amesimama langoni kwake.

"Na huyu?"

"Mama mkwe wangu."

"Uliniambia uko peke yako."

"Wewe ndiye uliyesema, mama. Mimi nilisema mimi ni mjane."

Akanikodolea macho, kisha akacheka mpaka funguo zikacheka naye. Wapangaji wakachungulia. Msukuma mkokoteni akauliza kama ashushe au ageuze.

"Shusha," Mama Funguo akasema. Akanivuta kando. "Kumbe wewe ndiye fundi, yule alikuwa anashona nguo tu. Sikiliza. Bibi akae. Nina vyumba tisa na watu wananificha mambo. Kila mwisho wa wiki uje kwangu tunywe chai, unieleze nani kalaza mgeni, nani anaumwa, nani ana mimba. Wiki utakayokosa la kusema, nitakumbuka kwamba namba tano kuna mgonjwa."

"Nimesikia, mama," nikasema.

Nikamwingiza mama mkwe. Chaki ilikuwa bado inaonekana. Alivua viatu akapapasa sakafu kwa nyayo, polepole, upande wangu, akauvuka mstari, akasimama.

"Hapa pamelainika kama sahani," akasema. "Weka kitanda changu hapa. Umepasugua wewe, mwanangu?"

Maisha yangu yote, neno la uongo halikuwahi kunitoka mdomoni.

"Ndiyo, mama."

"Mungu akulipe."

Kwa mara ya kwanza nilishindwa kuitikia amina. Nikajifanya nakunja nailoni.

Mlango ukagongwa. Alikuwa mama wa chumba namba nne, mwembamba, ana ndoo ya maji imejaa. "Karibu, jirani. Leo usisumbuke kwenda bombani, umechoka na kuhama. Na bibi hajambo? Nitakuwa nakuangalizia ukienda kazini."

Nikamshukuru, nikamwambia Mungu ambariki. Alipogeuka akakohoa, akaziba mdomo kwa kiganja, akakohoa tena, kikohozi kizito cha ndani. Nilisimama mlangoni nikisikiliza mpaka alipofunga mlango wake.