Pambizo la Kushoto

Febronia alikuwa na duka la steshenari jirani na stendi ya Kiomboi, na kompyuta aliyoiwekea Linux baada ya kuchoshwa na virusi vya flashi za wateja. Asubuhi hiyo alikuwa akichapa ratiba ya kuanua matanga ya marehemu Emilian. Jalada lilikuwa picha ya familia, imelazwa, imejaa ukurasa mzima. Kwa desturi ya ukoo ule, waliomo kwenye picha ndio hukaa mbele na kutambulishwa kuwa wenye nyumba. Mjane, Agripina, alikuwa ukingoni kabisa kushoto, kwa sababu siku ya kupigwa picha alitoka jikoni wengine wakiwa wameshajipanga.

Printa ikala ukingo wa kushoto wa picha. Agripina alipofika kuangalia kazi, mkono wake wa kulia haukuwepo, na kikapu alikuwa amekihamishia kushoto.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Mkono umenitoka hapo njiani.”

“Pole. Ni pambizo hilo. Kaa nirekebishe.”

Febronia akaweka pambizo sifuri kwenye programu. Alikosea: printa ile haichapi hadi ukingoni, hata uibembeleze vipi. Nakala ya pili ilimchukua Agripina bega na sikio, naye akageuza kichwa ili asikie vizuri. Ndipo Febronia alipofungua mipangilio ya printa yenyewe. Programu ilisema A4, printa ikasema Letter, karatasi fupi ya Wamarekani ambayo Kiomboi nzima hakuna anayeiuza. Akaiweka A4, akaipunguza picha kidogo ili itoshe. Nakala ya tatu ikatoka kamili. Agripina akakunja na kukunjua vidole vilivyokuwa na ganzi, akashukuru, akawahi kwenda kuwasha moto.

Aliyekuja kuchukua ratiba ni Chediel, mdogo wa marehemu. Alizitazama nakala zote, akainua ya pili.

“Chapa hii.”

“Baba, hiyo imemkata mama Agripina.”

“Hakumzalia kaka yangu hata mmoja. Nyumba ile ni ya ukoo. Chapa.”

Febronia alimwogopa. Akarudisha Letter, akarudisha sifuri, akachapa rundo zima, kila nakala ikimchukua Agripina kipande kingine, na alijua anachofanya.

Kwenye matanga Agripina hakuonekana tena. Mwiko ulisonga ugali peke yake, sahani zikafika mikononi mwa wageni, wakala, wakaishukuru familia. Febronia alipopokea yake alisema, “Asante mama.”

Wenye nyumba walipokwisha kutambulishwa, Chediel akaweka kufuli jipya mlangoni. Nguo za Agripina zilikuwa zimeshatupwa uani. Zikaanza kujikunja, moja moja, zikaingia kwenye beseni. Beseni likainuka hadi kimo cha kichwa cha mtu, likashika njia ya Ulemo, kwao Agripina. Wageni waliokuwa wakiondoka wakasogea lipite, wakasema, “Pole mama,” kisha wakaendelea kumsifu Chediel kwa kumwanulia kaka yake matanga vizuri.