Sarafu ya Oktavia

Asubuhi moja ya Juni 1936, umande wa Njombe ukiwa bado umeganda kwenye majani, Oktavia alibisha mlangoni kwa Bwana Pettigrew, mpima ardhi, kudai sarafu yake. Binti yake Letisia alikuwa anaolewa Makambako Jumamosi, na katika ukoo wao kila bibi arusi huivaa shingoni akiingia kanisani. Ilikuwa ya fedha, ya Marekani ya kale, yenye sura ya mwanamke aliyefunga utepe ulioandikwa uhuru kwa Kiingereza. Bwana aliiazima mwaka juzi, aitazame kidogo tu.

“Subiri, mama,” alisema, lenzi jichoni. “Sijamaliza kuitambua.”

Akamweleza, maana alikuwa mtu mkarimu. Zamani vyuma vya kupigia sarafu vilichongwa kwa mkono, ndiyo maana sarafu za mwaka mmoja hazifanani: hii nyota inagusa nywele, ile ina alama ya chuma kilichopasuka. Mjuzi hutambua aina kwa hayo. Sarafu ya Oktavia ilimpa Bwana heshima kubwa. Mwanamke wa kwenye sarafu alianza akitazama kushoto, kisha akageukia kulia, kwenye mlango. Krismasi akafumba macho. Pasaka akatoa chozi. Kila mara Bwana alitangaza aina mpya, na wajuzi wa London wakampongeza.

“Analia, Bwana. Anataka kurudi kwetu.”

“Huo ni ufa wa chuma,” Bwana alimsahihisha.

Oktavia alirudi Makambako mikono mitupu.

Jumamosi mwanamke wa fedha alishuka kwenye lori la mizigo, kimo chake kama cha watu wengine. Wanawake waliokuwa wakimenya viazi walimsalimu “kamwene”, wakampa kisu. Letisia alifurahi mno. Walishikana mikono hadi mlangoni pa kanisa.

Bwana Pettigrew alikuwa ameshafika na gari lake. Mfukoni alikuwa na sarafu isiyo na sura, ambayo tayari alikuwa ameitangaza kuwa aina adimu kuliko zote. Alitoa lenzi, akakagua nywele nyuma ya sikio la mwanamke, akaridhika.

“Huyu ni wangu,” alisema.

Padre aliomba misa isicheleweshwe. Bwana, muungwana kama kawaida, alimfungulia mwanamke mlango wa gari. Letisia aliingia kanisani shingo tupu, akilia waziwazi, na kwaya ikaimba kwa sauti kubwa zaidi.

Jumatatu Bwana alituma zawadi ya arusi: picha ya sarafu, imepigwa kwa ustadi, ndani ya fremu nzuri. Ilionyesha kisogo cha mwanamke.