Viwavi Mpakani kwa Mariette

Mariette wa Vuhovi alikuwa na ng'ombe watatu na malisho yenye majani mazito. Jirani yake Phinées alikuwa na ng'ombe watano, upande wa juu wa kilima. Miaka miwili hawakusalimiana, tangu walipogombania mpaka wa mashamba yao. Hata kanisani kila mmoja alikaa upande wake.

Asubuhi moja, mvua zikiwa zimeanza karibuni, Phinées alishuka mpaka mlangoni kwa Mariette, kofia mkononi.

"Mama Mariette, bidudu byeusi biko nakula majani yangu yote. Biko natembea kama jeshi. Mangaribi bitafika kwako. Nimesema nikuambie."

Mariette alimtazama. Mtu huyu angeweza kunyamaza tu.

"Twende nione," akasema.

Huko juu vilibaki vijiti vitupu, na viwavi walifunika ardhi hata ikaonekana kama inatembea. Étienne, agronome, yaani mtaalamu wa kilimo, aliyetumwa kijijini kutoka Kasaï, alikuwa amekwisha kufika. Akawaeleza kwamba ni watoto wa nondo, vipepeo wa usiku wa huku huku, ambao hutaga mayai mvua zinapoanza.

"Hapana kuchunga ngombe hapa, zitagonjwa," alisema. "Lakini muchimbe mufereji pale katikati, ukuta yake isimame sawasawa. Bikianguka, bitashindwa kupanda."

Pale katikati ndipo ulipokuwa mpaka wenyewe. Phinées akakohoa. Mariette akashika jembe, akalipiga ardhini, na Phinées akaanza kuchimba kando yake. Akina mama wa kwaya ya kanisa wakaja kusaidia, wakiimba. Saa tisa mfereji ulikuwa tayari. Viwavi wakashuka, wakaanguka humo kwa maelfu. Kuku wa kijiji wakala mpaka wakashiba, na viwavi waliobaki wakafukiwa.

Mariette akapangusa jasho. "Na ngombe zako zitakula nini?"

"Sijue, mama."

"Ulete kwangu. Majani iko mingi."

Kwa wiki nne ng'ombe wanane walikula pamoja. Huko juu mizizi haikuwa imekufa. Mvua ilipozidi, majani yakachipuka, laini na kijani.

Siku ya kuwachukua ng'ombe wake, Phinées alileta dumu la maziwa. "Wasingya, mama," alishukuru kwa Kinande. Wakakaa mbele ya nyumba wakinywa taratibu, wakitazama malisho.

"Ile ngombe yako nyeusi iko karibu kuzaa," Phinées akasema. "Ikianza, uniite."

"Nitakuita," Mariette akajibu, akamwongezea maziwa.