Mlio wa Gurudumu la Nyuma

Hafidh wa Pujini alikuwa mtu wa kutengeneza. Ukimpa kitu kilichovunjika ataketi nacho mpaka kisimame, wala hatakuuliza kilivunjikaje. Ukimtaka maneno, hapo utangoja sana. Watu walimpenda hivyo hivyo alivyo, na pikapu yake kuukuu ilibeba mihogo yao, magunia yao ya karafuu na wagonjwa wao kwa miaka mingi. Kwa hiyo siku alipofungua kinywa akamwacha mkewe, kijiji kilishangaa kuwa kumbe anaweza kusema haraka.

Mambo yalianzia Madungu, pale mjini Chake, anapopakia abiria wa kurudi shamba. Mkewe, Kazija, alisimama nyuma ya gari na kapu lake, akanusa, akasema mbele ya wanawake waliokwishapanda, "Sipandi mie. Gari hii yanuka mafuta huku nyuma, na ikishikwa breki yavuta upande."

Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayesema wali umeungua. Wanawake wakatazamana, wakateremka mmoja mmoja, na Hafidh akarudi Pujini na gari tupu. Jioni ile, mwezi wa Mfungo Saba ndio kwanza umeandama, alisimama kwenye mlango wa jiko akamwambia Kazija kwamba pua yake imezoea masufuria na haijui magari, kisha akamwacha talaka moja. Hasira hasara, na hasara yenyewe aliiona kabla ya kula cha usiku.

Sheria haimfungii mlango mtu wa namna hii. Kazija alikuwa amevuka umri wa kuzaa, kwa hiyo eda yake ni miezi mitatu ya mwandamo, kuanzia Mfungo Saba mpaka uandame mwezi wa Rajabu. Alibaki katika nyumba ile ile, chumba cha uani, na shangazi yake Bi Asya akaja kukaa naye ili pasiwe na maneno. Hafidh akahamia ghala la karafuu. Shehe Masoud alimweleza mara ya kwanza kwa upole na mara ya pili kwa ukali: muda wa eda, mume humrejea mkewe kwa kauli. Atamke tu kwamba amemrejea, basi, hata mwenyewe mke asiwepo. Eda ikishakwisha ni posa mpya na ndoa mpya, na mwanamke ana hiari yake.

Unadhani alitamka? Alitengeneza bomba la uani. Akabadilisha bawaba za mlango wa chumba cha Kazija. Akaziba bati lililovuja juu ya jiko, akaleta changu wanene kutoka sokoni. Bi Asya alipokea kila kitu, Kazija akashukuru kutoka ndani, na mchana sahani ya Hafidh ikaletwa ghalani imefunikwa kawa. Siku moja Shehe Masoud alimkuta juu ya paa, akasimama chini akamtazama.

"Mwanamke harejewi kwa nyundo, Hafidh," alimwambia. "Teremka ukaseme."

Hakusema. Si kwamba hakumtaka. Alimtaka mpaka alikuwa akila chakula chake taratibu ili asimalize kitu kilichopita mikononi mwake. Jioni alilala juu ya magunia, akawasikia wanawake wawili wakicheka nyuma ya ukuta, akajiona kama mgeni aliyesahauliwa. Lakini alikuwa na sababu yake, na aliiona nzuri. Aliona haya kumrejea mke kwa neno moja, kama mtu anayeokota kofia iliyomwanguka, bila ya kumwambia kwanza kwamba alisema kweli. Na ili ajue kama alisema kweli ilibidi alifungue gurudumu la nyuma. Na kulifungua aliogopa.

Basi akaiendesha vivyo hivyo. Abiria hawakupanda tena, akawa anabeba mihogo na mawe ya kujengea, akiteremka vilima kwa gia ndogo. Gurudumu lililia njia nzima, mlio mzito wa kukwaruza, na ukweli ni kwamba katika miezi ile hakuna aliyemsemesha zaidi ya mlio ule. Alikwisha kubadilisha viatu vya breki mara mbili, akaona nafuu ya siku chache, kisha gari ikarudia kuvuta upande. Aliilaumu breki, akaitukana, akaikaza.

Mwezi wa Mfungo Tisa, wa tatu na wa mwisho wa eda, ukafika ukingoni. Kalenda iliyotundikwa msikitini ilisema mwezi huo una siku thelathini, na Hafidh aliiamini kwa kuwa imechapishwa. Asubuhi ya ishirini na tisa Bi Asya alikuja ghalani akasimama mlangoni. Akamwambia kwamba Seif, kaka yake Kazija kule Msuka, ameshasafisha chumba. Eda ikisha wangependa awapeleke, maana kuna kitanda na sanduku, na hawana gari nyengine. Aliyasema huku akitazama chini, kama anayeomba radhi.

Msuka ni kaskazini kabisa ya kisiwa, na vilima vya njiani havina huruma. Hafidh hakuweza kumpakia Kazija katika gari ile kama ilivyo. Akachukua jeki.

Aliweka mawe mbele ya magurudumu ya mbele, akainua upande wa nyuma wa kulia, akalishika tairi juu na chini akalitikisa. Lilicheza. Akalizungusha kwa mkono, likanguruma kama jiwe la kusagia lenye mchanga. Akatoa tairi, akagonga ngoma ya breki pembeni kwa nyundo mpaka ikakubali kutoka. Ndani mlikuwa mweusi na mmelowa. Viatu vya breki, vile vile alivyovinunua juzi, viling'aa kwa mafuta.

Alitia kidole. Mafuta ya breki ni mepesi kama maji. Haya yalikuwa mazito, yakivutika, na alipoyanusa yalimpiga harufu ya yai viza. Ni mafuta ya difu, yale ya gia za ekseli ya nyuma. Yametoka kwenye ekseli, yamepita kwenye sili ambayo kazi yake ni kuyazuia, yamemwagikia breki. Na sili haifi bure. Alifungua bomba dogo la breki, akafungua nati nne, akaichomoa ekseli nzima pamoja na sahani yake, na beringi ikaonekana, imelika upande mmoja na inayumba. Kumbe ekseli ilikuwa ikicheza siku zote, ikaichana sili, na mafuta yakafanya yaliyobaki. Breki ilionewa bure.

Hafidh alikaa chini, ekseli mapajani. Yanuka mafuta huku nyuma. Mtu yule hakukosea hata neno moja, na yeye kamwambia habari ya masufuria. Alisikia uchungu wa kweli, ule wa kumfanya mtu mzima atazame huku na huku kama kuna anayemwona.

Akaifunga ekseli kwenye bodaboda, akaipeleka Chake kwa fundi mwenye mashine ya kugandamizia, wakatoa beringi ya zamani na kuingiza mpya, na sili mpya, na viatu vipya. Alasiri alikuwa ameshairudisha mahali pake. Ikabaki kazi moja. Ukishafungua bomba la breki, upepo huingia, na upepo hutolewa na watu wawili: mmoja akanyage ndani, mwengine afungue skrubu nyuma. Aliyekanyaga akiinua mguu kabla skrubu haijafungwa, upepo unarudi na kazi yote imekwenda na maji. Miaka yote aliyekaa ndani ya gari alikuwa Kazija.

Alisimama uani na spana mkononi, hajui amwite nani. Kazija akatoka. Hakuulizwa. Alimpa Bi Asya ukili aliokuwa akisuka, akamwambia akae barazani pale pale awaone, akapanda kwenye gari akafunga mlango. Hafidh akalala chali nyuma ya gurudumu.

"Kanyaga," alisema.

Akakanyaga.

"Shikilia."

Akashikilia. Yeye akafungua skrubu, mafuta yakatoka na povu, akafunga. "Inua." Wakaanza tena. Walikwenda hivyo bila ya kupishana hata mara moja, na ndiyo mazungumzo yao ya kwanza tangu Mfungo Saba. Hafidh alitamani upepo usiishe. Lakini povu likapungua, mafuta yakaja safi, akafunga skrubu kwa mara ya mwisho, akarudisha tairi huku mguu wa Kazija ungali juu ya breki.

"Ilikuwa mafuta," alisema kutoka chini ya gari. "Beringi ilikufa, ikaharibu sili. Ulisema kweli."

Kisha sauti ya Kazija ikaja, ya chini kidogo. "Kuna jengine, Baba Nahla?"

Nahla ni binti yao, aliyeolewa Unguja. Hapakuwa na mtu mwengine duniani aliyemwita kwa jina lile. Hafidh alitazama mikono yake, myeusi mpaka viwikoni. Alikuwa amelala chali kwenye vumbi na tone la mafuta shingoni. Neno kama lile halisemwi namna hii. Ataoga, atavaa kanzu safi, atasimama kwenye mlango wa jiko, pale pale alipokosea, na kulisema kwa adabu. Na kesho bado ipo.

"Hapana," alisema. "Breki zimekaa sawa. Inua mguu."

Alilishika tairi alizungushe, likakataa. Kazija alikuwa bado amekanyaga. Akalishika tena, likakataa tena, na muda ukapita ambao Hafidh angeweza kusema mambo mengi. Halafu gurudumu likalegea mikononi mwake, likazunguka jepesi, bila ya mlio.

Alioga kwa sabuni mara mbili. Akavaa kanzu, akaenda kusali magharibi, akaomba dua ndefu. Alipotoka aliwakuta watu wamesimama mbele ya msikiti, wanatazama magharibi, na mmoja akanyoosha kidole. Juu ya mikarafuu ulikuwapo mwezi wa Rajabu, mwembamba kama ukucha. Mwezi hausomi kalenda.

Alikwenda nyumbani mbio, mtu mzima na kanzu yake. Wanawake walikuwa wamesimama uani. Kazija alimsikia anakuja, akaivuta kanga mpaka ikabaki nusu ya uso, kama afanyavyo mwanamke akijiwa na mwanamume asiye wake.

"Mwezi umeandama, Bwana Hafidh," alisema, akaingia ndani.

Asubuhi walipakia kitanda na sanduku. Bi Asya alikaa katikati. Walipita Chake, wakashika njia ya kaskazini, na gari ikateremka kila kilima kwa utulivu, ikisimama inapoambiwa. Zamani mlio ungewapa la kusema. Walipofika Konde, Hafidh aliuliza, macho yake mbele, kama anaweza kupeleka posa kwa Seif.

Kazija alitazama dirishani mpaka kijiji kikaisha. "Posa haizuiliwi," alisema. "Lakini usilete sasa. Miezi mitatu mie nasubiri kusemeshwa. Nataka nipumzike kusubiri."

Bi Asya alifuta machozi kwa ncha ya kanga. Kazija hakulia. Msuka, mbele ya nyumba ya kaka yake, aliteremka, akahakikisha sanduku limeshushwa, akamshukuru dereva na kumwombea Mungu amfikishe salama, kama mtu anavyomshukuru dereva yeyote.

Hafidh alirudi peke yake. Alifunga vioo asikilize vizuri. Alipunguza mwendo, akaongeza, akapinda kona kwa nguvu, akitega sikio nyuma, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ufundi aliomba asikie kitu kibovu. Hapakuwa na kitu. Kwenye kilima kimoja njia ilikuwa tupu, naye akakigeukia kiti cha pembeni.

"Nimekurejea, Kazija," alisema. Lilitoka jepesi, halikumkwama popote.

Kisha akakanyaga breki kwa sababu machozi yalimzuia kuona, na gari ikasimama pale pale alipotaka, bila ya kulia.