Kioo cha Ikonge

Likizo ya Agosti mwaka 1974 Persis Nyangate alirudi kwao Ikonge akiwa na kazi ya chuo. Alikuwa mwaka wa tatu akisomea saikolojia, msichana wa kwanza wa kanisa lao kufika chuo kikuu. Mhadhiri wake, Daktari Machogu, alimchagua kwa utafiti huo kwa sababu akina mama wa pale walimjua na wangemwamini.

Machogu alikuwa amekodi nyumba ya mawe karibu na soko na kuigeuza maabara. Chumba cha mbele kilitandikwa mkeka, kikawekwa kigoda na vitu vya kuchezea. Ukutani palikuwa na kioo kikubwa. Ukiwa chumbani ulijiona mwenyewe, lakini nyuma yake palikuwa na chumba kidogo cha giza, na aliyekaa humo aliona kila kitu kama mtu aliye dirishani. Mama angeingia na mtoto, akae naye kidogo, kisha atoke amwache peke yake kwa muda mfupi. Kazi ya Persis ilikuwa kuandika jinsi mtoto alivyofanya mama alipoondoka, na alivyompokea aliporudi.

"Na hiki kioo, tutawaambia?" aliuliza kabla hawajaanza.

"Ukiwaambia hawatakuwa wao tena," Machogu alijibu. "Wataanza kuigiza."

Persis hakuridhika, ila alichukua daftari lake. Alama zake zote zilikuwa mikononi mwa mtu huyu.

Asubuhi moja akaja Esnah, jirani yao, na binti yake Nyanchera, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusema. Mlango ulipofungwa, Esnah alidhani wako wawili tu. Alisogea kwenye kioo, akafungua kitambaa cha kichwa, akakagua mahali nywele zilipokuwa zikinyonyoka. Kisha akaanza kumsemesha mtoto kwa sauti ya chini. Baba yako, alisema, hajaleta neno tangu mvua ya masika. Huenda ana mke mwingine huko Kericho. Nami nimechoka kuwaambia watu kwamba yuko salama na anatusalimia.

Pumzi yake ilitia ukungu kwenye kioo, karibu kabisa na uso wa Persis. Persis aliacha kuandika.

"Endelea," Machogu alinong'ona kando yake.

Akagonga ukuta, ishara ya mama kutoka. Esnah akatoka. Nyanchera alikimbilia mlango, akaupiga kwa viganja akilia hadi sauti ikakauka. Halafu akakaa chini, akaokota shanga ya mbao iliyochomoka kwenye uzi wake, akaitia mdomoni. Kilio kikakatika.

"Unaona?" Machogu alisema kwa furaha. "Amejituliza mwenyewe. Andika hilo."

Lakini Persis alikuwa akitazama mabega ya mtoto. Yalipanda na kushuka, na hakuna sauti iliyotoka.

"Daktari, hapumui."

"Ametulia. Ukiingia sasa utaharibu kila kitu."

Midomo ya Nyanchera ilianza kubadilika rangi. Persis alifungua kwa kishindo mlango mdogo uliounganisha vyumba viwili, akamnyanyua mtoto, akamlaza kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa chini, akampiga mgongoni. Hakuna kitu. Akampiga tena kwa nguvu zaidi. Shanga ikaruka mkekani, na mtoto akalia kilio kirefu cha hasira.

Esnah aliingia mbio, akamnyakua mwanawe. Alipoiona shanga alielewa. Kisha akamtazama Persis, na mlango mdogo uliobaki wazi nyuma yake.

"Ulijuaje?" aliuliza polepole. "Persis, ulikuwa wapi?"

Persis alisogea pembeni kumpisha. Esnah aliingia chumba cha giza na mtoto begani, akampita Machogu bila kumsalimu, akatazama kioo. Aliona mkeka. Aliona kigoda alichokalia. Alijishika kitambaa cha kichwa.

"Basi umesikia yote," alisema, akaondoka.

Machogu alisubiri atokomee, kisha akamwambia Persis kwamba chuo kitajulishwa jinsi alivyovunja utaratibu.

Siku zilizofuata Persis hakupata usingizi wala hamu ya chakula. Sabato ilipofika, alikaa kanisani nyuma ya Esnah bila kusikia hata neno moja la mahubiri. Kila Esnah alipoinama kumnong'oneza mwanamke wa kando, Persis alitega sikio. Aliogopa kusemwa kwamba anauza siri za watu, na kwamba mama yake angeyasikia hayo pale pale mlangoni.

Ibada ilipokwisha Esnah alimngoja nje.

"Sijamwambia mtu habari yako," alisema. "Habari ya kioo nimewaambia wote."

Kesho yake hakuna mama aliyekuja, wala siku iliyofuata. Mwishoni Machogu aliamuru kioo king'olewe ukutani, akakifunga kwa magunia na kurudi Nairobi. Persis aliandika barua chuoni akaeleza kilichotokea, akaomba kuwatazama watoto nyumbani kwao, mbele ya mama zao. Jibu lilichelewa mpaka akaanza kufikiria kazi ya ualimu. Lilipokuja lilimruhusu, kwa sharti kwamba arudie kazi yote toka mwanzo.

Boma la kwanza aliloenda ni la Esnah.

"Karibu," Esnah alisema, akamtolea kiti. "Leo andika ninachokwambia mimi."

Nyanchera alikuwa akicheza kando ya migomba. Alipomwona Persis alishtuka, akakimbilia nguo za mama yake akilia, na asubuhi yote hakukubali kumkaribia.