Shuvai wa Kwenye Turubai

Shuvai alikuwa uani akibangua karanga na Tete Maidei, dada wa marehemu baba yake, basi la wageni lilipopinda kona ya josho la ng'ombe. Ilikuwa Julai, baridi inauma, na karanga za mwaka ule zilikuwa na maganda magumu yanayochubua vidole. Basi lilileta wanafunzi wa shule moja ya Ulaya, ambao huja kila Julai kujitolea kujenga darasa. Ubavuni lilitundikwa turubai lenye picha ya Shuvai mwenyewe. Pichani ana miaka saba, ana pengo mbele na penseli mpya mkononi. Nyuma yake ukuta wa darasa umefika usawa wa madirisha, na pembeni mwanambuzi wa jirani ananyonya.

Picha ile ilipigwa miaka kumi na minne iliyopita, na tangu siku hiyo Shuvai hakukua. Nesi wa zahanati alimpima mara kadhaa, akaona uzito ni uleule, akaacha, maana mizani ilikuwa na kazi nyingine. Mwanzoni watu walidhani ni minyoo. Baadaye wakamtazama yule mwanambuzi, ambaye mama yake alishakufa kwa uzee na yeye bado ananyonya, akidandia mbuzi yeyote asiye mkali. Wakautazama na ukuta, ambao wageni waliuongezea matofali kila mwaka na kila mwaka ukabaki usawa wa madirisha. Matofali yalikwenda wapi, hakuna aliyejua, na yalikuwa mengi. Basi mambo yakaeleweka, watu wakarudi mashambani. Watoto wa darasa la pili waliendelea kusomea nje, na mvua ikinyesha walikwenda nyumbani.

"Mwaka huu nitawaambia waitoe ile picha," Shuvai alisema.

"Wewe, na hilo pengo lako!" Tete akacheka. "Nani atakusikiliza?"

"Nitawaambia kwa Kiingereza."

"Kiingereza gani? Cha darasa la pili?"

"Nimekaa darasa la pili miaka kumi na minne, Tete. Nakijua chote."

Lililomkalia rohoni ni harusi ya mdogo wake. Muchaneta alikuwa na miaka kumi na tisa na mchumba, Tapera, fundi baiskeli mpole asiyejua kubembeleza ila kwa kutengeneza vitu. Kwao mdogo hamtangulii mkubwa kuolewa hivi hivi. Upande wa bwana humletea mkubwa kitambaa na kuku, naye akivipokea, amekubali kurukwa. Akivikataa, kila kitu kinasimama. Mjumbe wa akina Tapera, mzee mnene mwenye goti bovu, alikuwa ameshapiga magoti mara mbili mbele ya mtoto wa kimo cha meza, akapiga makofi ya heshima na kusema, "Maiguru," yaani shemeji mkubwa, "tunaomba." Mara zote mbili Shuvai alimjibu arudi baadaye.

Hakuwa na kinyongo na mdogo wake. Alimpenda kupita kiasi. Ila alijua akishakipokea kile kitambaa, hakuna tena atakayengoja akue, na yeye alitaka kujua dunia ikoje ukiitazama kutoka juu kidogo. Alitaka kujua hata kuna nini kwenye rafu ya juu ya mlango wa jikoni, mahali mama yake, kwa maneno yake mwenyewe, alipoficha sukari.

Wageni wakashuka, wakamwona, wakapiga kelele za furaha. "Hajabadilika hata kidogo!" Msichana mmoja, Imogen, alimkumbatia hadi kofia ikamdondoka. Dada yake alikuja zamani, na picha ya Shuvai iko kwenye mlango wa friji yao.

"Nina miaka ishirini na moja," Shuvai alimwambia. "Mkiondoa hiyo picha, nitakua."

Imogen alisikiliza kama mtu anayeelekezwa choo kiliko. "Samahani," alisema. "Hakuna aliyetuambia." Akapanda kwenye gurudumu, akafungua kamba, akalikunja turubai na kulitia chini ya kiti. Jioni ileile akamwandikia mama yake aitoe na ile ya friji.

Kesho yake asubuhi Shuvai aliamka fizi zinamwasha. Jino lilikuwa limechungulia. Mikono ya sweta ilikuwa imepanda juu ya vifundo vya mikono. Nje, mwanambuzi aliacha chuchu, akasimama akifikiri, kisha akaenda kutafuna mabua ya mahindi. Kule shuleni matofali yalikuwa yakikaa yalipowekwa, na kabla ya chakula cha mchana mstari mmoja ulikuwa umepita madirisha.

Shuvai aliingia jikoni, akapanda kigoda, akajinyoosha, akaiona rafu. Palikuwa na betri mbili za redio zilizokwisha na kifuniko cha chupa. Sukari hapana. Alikaa akitazama muda mrefu, akifurahi.

Alipofika shuleni alimkuta mwalimu wa wageni, Bi. Pargeter, mwanamke mwema mwenye pua iliyoungua jua, akiandaa kamera. Alikuwa amesikia habari za turubai na hakuwa na ubishi. Lakini kwao, alieleza, watu hawachangii safari isiyo na sura ya mtoto, kwa hiyo ingepigwa picha mpya. Alikwisha kumchagua Nyaradzo, mjukuu wa Tete Maidei, mwenye miaka sita. Mtoto alikuwa ameogeshwa, amepakwa mafuta, amepewa penseli mpya, na alikuwa akirukaruka kwa mguu mmoja mbele ya ukuta.

"Tete, unamwacha?" Shuvai aliuliza.

"Mwache naye aonekane, mwanangu. Ni picha tu..." Tete akamtazama mwanambuzi aliyekuwa akitafuna mabua yake ya kwanza. Hakumalizia. Hakumwondoa mtoto pia, kwa sababu mgeni hakatazwi, na saruji ilikuwa bado ndani ya basi.

Shuvai aliwachukia wote kwa muda mfupi, Tete, Bi. Pargeter, hata Nyaradzo na mguu wake mmoja. Kisha akaenda, akachukua ile penseli, akamsukuma mtoto pembeni.

"Huyu ana kazi ya kukua," alisema kwa Kiingereza.

"Vizuri zaidi," alisema Bi. Pargeter. "Wewe wamekuzoea tayari." Akabonyeza.

Jumamosi mjumbe alirudi na goti lake. Shuvai alikipokea kitambaa, akakipokea na kuku. Kitambaa kilikuwa cha mwanamke mzima. Alipojifunga kikamfika kidevuni, na mjumbe akapiga makofi kwa heshima yote, bila kucheka. Muchaneta alipiga magoti ili walingane, akamkumbatia akilia.

"Dada, ulikuwa unakaribia."

"Nimepaona kule juu," Shuvai alisema. "Hakuna sukari. Mama alitudanganya."

Miaka miwili baadaye Nyaradzo alimpita Shuvai kwa kichwa, akaanza kumtuma dukani, akazabwa kofi na Tete. Darasa la pili bado lilisomea nje. Basi lilipopinda kona ya josho likiwa na turubai jipya, ambalo juu yake Shuvai anaonekana na nusu ya jino na ukuta umepita madirisha kwa tofali moja, mtoto wa Muchaneta alikuwa akijifunza kusimama kwa kushikilia ukuta huo. Shuvai alimbeba kwa shida, maana alikuwa mzito, akampeleka nyuma ya ghala la mahindi ambako kamera hazifiki, akampa gunzi achezee. Kisha akarudi mbele ya ukuta, akasimama mahali pake.

"Hajabadilika!" wageni walipiga kelele wakishuka.

"Karibuni," Shuvai alisema. "Matofali yako kule."